Aliyejenga Reli Chini ya Nyumba Yake

Juzi barazani mzee mmoja alinikuta nikitazama picha ya garimoshi likivuka daraja juu ya bonde la kutisha. Akataka kujua ni nchi gani hiyo yenye milima mikali namna ile. Nilipomwambia kuwa mlima ule ni wa plasta, na kwamba garimoshi lenyewe laenea kiganjani, alicheka, kisha akakunja uso na kunena kuwa mtu mzima afanyaye mambo hayo hana kazi ya kufanya. Nikamwomba anisikilize kwanza ndipo ahukumu. Nawe ndugu msomaji, nakuomba vivyo hivyo.

Mwenye mlima ule ni marehemu John Allen, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Ujanani alipatwa na homa iliyomwachia moyo dhaifu, na udhaifu huo hakuachana nao hadi kufa kwake. Alihamia California, akasomea kazi ya kupiga picha, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa na studio mjini Los Angeles. Mwaka 1946 aliiacha biashara hiyo akaenda kukaa Monterey, mji ulio kando ya bahari ya Pasifiki. Hakuoa. Aliishi kwa akiba yake bila ya makuu, na siku zake akazitia katika kujenga reli.

Reli hiyo aliipa jina la mzaha, Gorre na Daphetid, ambalo likitamkwa Kiingereza lasikika kama kusema aliyetapakaa damu na kushindwa. Kipimo chake kilikuwa moja kwa 87, yaani futi 87 za kweli kwake zilikuwa futi moja. Mtu mzima hafiki hata inchi moja. Njia yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ina upana wa meta moja baina ya chuma na chuma. Ya Allen ilikuwa na milimita 16.5, upana wa kuzibwa kwa kidole gumba.

Alianza na kipande kidogo tu cha kuenea mezani. Baadaye, katika miaka ya hamsini, alipata nyumba yenye chumba kikubwa chini yake, na humo akajenga reli ya tatu na ya mwisho, akikichomeka ndani yake kile kipande cha mwanzo. Milima yake ilianza sakafuni ikapanda hadi karibu na dari. Mahali pengine alificha vioo ili bonde lionekane refu kuliko lilivyo. Vitu vya mbali alivitengeneza vidogo zaidi, jicho likadanganyika.

Tena katika zama zake waliopenda mchezo huu walizoea mabehewa yang'aayo kama yaliyotoka dukani leo. Allen aliona huo ni uongo. Alipaka kutu, masizi na vumbi, akatoboa mapaa, akachakaza mbao, kwa kuwa alijua kwamba kila kitu cha dunia huzeeka. Hakukosa mzaha: alikuwa na mnyama wa kale mwenye magamba ya miiba mgongoni, jina lake Emma, aliyewekwa relini kusukuma mabehewa kama injini!

Kisha akaja na ufundi wake wa studio. Kupiga picha kitu kidogo kwa karibu ni taabu, maana kilicho mbele kikionekana wazi, cha nyuma huwa ukungu. Allen alitumia tundu dogo mno mbele ya kamera, mfano wa tundu la sindano, akauacha mwanga uingie taratibu kwa muda mrefu, hata jiwe la karibu na kilele cha mbali vikatoka sawasawa. Picha hizo zilichapishwa katika magazeti ya mchezo huo, na wengi walioziona walijifunza upya namna ya kutazama.

Jioni za makutano rafiki zake walikuja kuendesha magari kwa ratiba, kila mmoja na zamu yake, wakifuata saa iliyokwenda mbio kuliko saa za ukutani. Hivyo kazi ya mtu mmoja ikawa furaha ya wengi.

Tarehe 6 Januari 1973 moyo ule dhaifu ulisimama, naye ana umri wa miaka 59. Siku kumi baadaye moto ulizuka nyumbani mwake, ukaiteketeza karibu reli yote. Kazi ya miaka mingi iligeuka jivu hata rafiki zake hawajamaliza kuomboleza.

Kilichosalia ni picha. Kwa hizo, Linn Westcott alitunga kitabu cha maisha na kazi ya Allen. Naye pia alifariki mwaka 1980, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata.

Hapo nilimweleza yule mzee jambo ambalo sikupata kumwambia mtu. Mimi nilikuwa na daftari la mashairi ya miaka kumi na mbili. Nililiweka sandukuni, sikumsomea mtu wala sikumpa mwanafunzi anakili. Nilipolifungua nilikuta mchwa wamekwisha kazi yao. Sikuweza kukumbuka hata beti ishirini.

Sote twajua tangu chuoni kwamba hakuna kibakicho ila Mwenyezi Mungu. Lakini twafunzwa pia kwamba elimu yenye manufaa humfaa mwenyewe hata akiwa kaburini. Mimi nilificha, mchwa wakala. Allen alionyesha na kufundisha, na moto haukuweza kuyafikia yaliyokwisha kuingia vichwani mwa watu.

Mzee alinyamaza. Kisha akaniomba picha ile aitazame tena.