Alexander Fleming na Mfereji wa Dawa

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, nchini Scotland. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka saba. Akiwa kijana alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya meli mjini London. Mwaka 1901 alianza kusomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's.

Septemba 1928 alikuta ukungu umeota katika kisahani alimokuwa akikuza bakteria. Kandokando ya ukungu ule bakteria walikuwa wametoweka. Watu wengi huishia hapo wanapomsimulia Fleming, lakini kazi kubwa ilifuata baadaye. Alitaka kujua maji ya ukungu huo, aliyoyaita penisilini, yanazuia bakteria gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Alitumia njia mbili. Katika njia ya kwanza alichukua kisahani chenye chakula cha bakteria kilichoganda kama uji uliopoa. Alikata mfereji humo, akaujaza chakula kilekile kilichochanganywa na penisilini. Kisha akapaka mistari ya bakteria wa aina mbalimbali kutoka kwenye mfereji hadi ukingo wa kisahani. Bakteria wa dondakoo hawakuota karibu na mfereji. Wale wa homa ya matumbo waliota mpaka kwenye mfereji wenyewe, kana kwamba hapakuwa na dawa.

Katika njia ya pili alizimua penisilini kwa supu, kidogo kidogo, katika vijaribio vingi, akatia bakteria katika kila kimoja. Supu iliyochafuka ilionyesha kwamba bakteria wameongezeka. Iliyobaki safi ilionyesha kwamba wamezuiwa. Baadhi ya bakteria wa usaha walizuiwa hata dawa ilipozimuliwa mara 800.

Je, njia ipi ni bora? Mfereji hulinganisha bakteria wengi kwa pamoja, tena kwa kutazama tu. Lakini upana wa sehemu tupu hutegemea pia jinsi dawa inavyopenya katika chakula kile. Vijaribio vina kazi nyingi zaidi, lakini hutaja kipimo.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake alionya kwamba dawa isiyotosha kuua bakteria huwafanya wawe sugu. Basi mgonjwa wa Bagara, mjini Babati, anayeacha dozi katikati, anafanya jambo lililoonywa zamani. Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955.

Njia zote mbili zingali zikitumika, ila mahali pa mfereji huwekwa vidoa vya karatasi vyenye dawa. Kwa vidoa hivyo, mwaka 2001 na 2002, walipimwa bakteria waliotoka katika damu ya watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto waliokuwa na bakteria sugu walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao.