George Mallory na Vitu Alivyovisahau Mlimani

Katika nchi ya Wales, karibu na mlima Snowdon, uko mlima mwingine uitwao Lliwedd. Upande wake mmoja ni jabali lililosimama wima kama ukuta. Mwaka 1908 vijana kadhaa wa Kiingereza walikwenda huko kufanya mazoezi ya kupanda. Inasimuliwa kwamba siku moja, jua likielekea kuchwa na kazi ya kutwa ikiwa imekwisha, mmoja wao alitia mkono mfukoni akakuta kiko chake hakimo. Akakumbuka kuwa amekiacha katikati ya jabali, mahali padogo palipo tambarare, walipokuwa wamekaa kupumzika na kuvuta tumbako. Wenzake walidhani atakiacha kipotee. Wapi! Aliondoka peke yake, bila kamba, akaparamia uso wa jabali kwa njia ambayo hapana mtu aliyepata kuipita, akakitwaa kiko chake akarudi. Kesho yake wenzake walipoitazama njia ile kwa mwanga wa mchana, walishika vichwa.

Huenda hadithi hiyo imetiwa chumvi kidogo, maana wapanda milima ni ndugu wa wavuvi kwa kusimulia. Lakini kijana mwenyewe ni mtu wa kweli. Ndiye George Leigh Mallory, ambaye jina lake halitengani na mlima Everest. Nimeanza na kiko kwa makusudi. Mtu huyu alikuwa msahaulifu ajabu, na habari zake, tangu ujana wake hata miaka mia baada ya kufa kwake, ni habari za vitu vilivyoachwa mlimani na watu waliopanda kuvifuata.

Alizaliwa tarehe 18 Juni, 1886, katika kijiji cha Mobberley, jimbo la Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Mtoto alipanda kila kilichopandika, na kilichowatisha wazazi kuliko vyote ni paa la kanisa la baba yake. Kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu alipata nafasi ya kusomeshwa katika shule ya Winchester, na huko mwalimu mmoja, Bwana Irving, alimchukua mwaka 1904 mpaka milima ya Alps akamwonyesha theluji na barafu. (Walimu wetu na wausome mstari huo mara mbili.) Kisha alisoma historia katika chuo cha Magdalene, Cambridge, na mwaka 1910 akawa mwalimu katika shule ya Charterhouse.

Hakuwa mwalimu mkali. Alitaka kuwa rafiki wa wanafunzi wake, na wako waliotumia upole huo vibaya. Mwanafunzi mmoja aliyenufaika naye ni Robert Graves, ambaye baadaye alikuwa mshairi mashuhuri. Mallory alimpa vitabu vya kusoma na kumpeleka Wales kupanda majabali. Mwaka 1914 alimwoa Ruth Turner, na Mungu akawajalia watoto watatu. Vita Kuu ilipokuja alitumikia katika kikosi cha mizinga huko Ufaransa, akayaona mapigano ya Somme ya mwaka 1916. Vijana wengi aliopanda nao milima hawakurudi vitani.

Mwaka 1921 Waingereza walituma safari ya kwanza kuutazama Everest, mlima wenye kimo cha futi 29,032, mrefu kuliko yote duniani. Wakati ule nchi ya Nepal ilikuwa haipitiki kwa wageni, basi iliwabidi kuuzunguka kwa upande wa Tibet. Mallory na mwenzake Bullock walipewa kazi ya kutafuta njia na kupiga picha. Siku zile kamera kubwa zilitumia vibamba vya kioo. Mallory alipanda navyo juu sana, akapiga picha nyingi kwa taabu nyingi, na baadaye ikagundulika kwamba alivitia kinyumenyume, upande wa mbele ukiwa nyuma. Hapana hata picha moja iliyotokea katika hizo. Ikawalazimu wawili hao kupanda tena vilima walivyokwisha kuvipanda. Hata hivyo ndio walioipata njia ya kufika kwenye shingo ya mlima upande wa kaskazini, na wengi waliopanda upande ule baadaye walipitia shingo hiyo.

Mwaka 1922 alirudi. Jenerali Bruce, mkuu wa safari hiyo, alimpenda sana, ila alilalamika kwa mzaha kwamba Mallory husahau hata viatu vyake. Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mzembe kamba ilipokuwa kiunoni. Siku moja wakishuka wanne katika kamba moja, mmoja aliteleza akawavuta wengine wawili. Mallory akakita shoka lake la barafu katika theluji, akaizungushia kamba, akawazuia wote watatu wasiporomoke.

Tarehe 7 Juni mwaka huo mambo yalikuwa mengine. Mallory alikuwa akiongoza watu kupanda tena kwenye ile shingo ya kaskazini baada ya theluji nyingi kuanguka. Theluji ikakatika ikaporomoka. Wazungu walisalimika, wapagazi saba wa milimani walikufa. Mallory alijilaumu sana kwa vifo hivyo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kujilaumu. Wapagazi wale hawakuichagua njia, waliwafuata walioichagua.

Baada ya hapo alikwenda Marekani kutoa hotuba, kisha akapata kazi ya kusimamia masomo ya watu wazima huko Cambridge. Alikuwa na umri wa miaka 37, mwenye mke, watoto na kazi njema. Alipoitwa kwa safari ya 1924 alisitasita, kisha akaenda.

Tarehe 4 Juni, 1924, Norton, aliyekuwa mkuu wa safari hiyo, alifika futi 28,126 bila hewa ya mitungi, akashindwa kuendelea. Ndipo Mallory akamchagua kijana Andrew Irvine, mwenye miaka 22, fundi hodari wa mitungi ya oksijeni, wajaribu kwa mara ya mwisho. Tarehe 7 walifika hema la juu kabisa, Kambi ya Sita, kiasi cha futi 26,800. Wapagazi wao walirudi chini wakiwa na vijibarua vya Mallory. Kimoja kilikuwa cha rafiki yao Odell, mwanajiolojia, aliyekuwa akiwafuata nyuma siku moja. Humo Mallory aliomba radhi kwa kuliacha hema la Kambi ya Tano bila kupangwa, akaeleza kwamba jiko lao limebingirika mlimani likapotea, na akamsihi Odell aitafute dira aliyoisahau hemani, kwa kuwa wao huko juu hawana dira.

Msomaji, hebu fikiri. Watu wawili wako peke yao juu ya mlima mkubwa kuliko yote, kesho yake watapanda mahali ambapo ukungu ukishuka mtu haoni mkono wake, nao dira wameiacha chini! Odell aliipata. Asubuhi ya tarehe 8 akaitia mfukoni akapanda peke yake kuifuata Kambi ya Sita. Saa 6 na dakika 50 mchana mawingu yalifunguka, akaona juu ya mgongo wa mlima alama mbili nyeusi, moja nyuma ya nyingine, zikipanda kingo ya mwamba. Kisha mawingu yakafunga. Hapana mtu aliyewaona tena hai Mallory na Irvine.

Odell alifika hemani kiasi cha saa 8, theluji ikaanza kuvuma. Alitoka akapanda kidogo akipiga mbinja na kuita, ili wakirudi wasipotee. Hakupata jibu. Hema lilitosha watu wawili tu, na Mallory alikuwa amekwisha mwagiza ashuke. Basi aliiweka ile dira pembeni mwa mlango, mahali ambapo atakayeingia hawezi kukosa kuiona, akashuka. Siku mbili baadaye alipanda tena mpaka hema lile lile. Dira ilikuwa pale pale alipoiweka. Alitandika mifuko miwili ya kulalia juu ya theluji kwa mfano wa herufi T, ndiyo ishara waliyopatana kwamba hawakuonekana, akaichukua dira akarudi nayo.

Mwezi wa Oktoba ibada ilifanywa katika kanisa la St Paul's, London, na Mfalme George wa Tano alihudhuria. Swali lililobaki ni lile lile watu wanaloulizana mpaka leo: Je, walifika kileleni kabla ya kufa? Kama walifika, basi walitangulia miaka 29 mbele ya Hillary na Tenzing, waliofika tarehe 29 Mei, 1953.

Hapa habari yetu inagusa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 vijana wawili, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, walikuwa watu wa kwanza kufika Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, kisha wakavuka mpaka Batian. Shipton alikuwa katika kazi ya mashamba huko Kenya na Wyn-Harris alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1933 wote wawili walichukuliwa kwenda Everest. Tarehe 30 Mei Wyn-Harris na mwenzake Wager walikuwa wakipita chini kidogo ya mgongo wa kaskazini-mashariki, kiasi cha futi 27,700, wakati Wyn-Harris alipoona shoka la barafu limelala juu ya mwamba laini, kana kwamba mwenyewe ameliweka chini kwa muda tu. Hapana mtu aliyekuwa amefika pale ila Mallory na Irvine. Wakati wa kushuka alilichukua, na mahali pake akaliacha shoka lake mwenyewe. Mpini wake ulikuwa na alama tatu za kukatwa, na kwa alama hizo wengi huamini lilikuwa la Irvine. Watu wa safari hiyo walilikuta pia hema la Kambi ya Sita, na ndani yake kurunzi iliyokaa miaka tisa katika baridi, walipoibonyeza ikawaka. Mtu aliyepanda kileleni akachelewa kurudi gizani, kurunzi yake iko hemani!

Mwaka 1975 Mchina mmoja, Wang Hongbao, aliona maiti ya Mzungu wa zamani juu ya mlima ule. Kwa ajili ya maneno yake kikundi cha watafutaji kilikwenda mwaka 1999. Walitumaini kumpata Irvine. Tarehe 1 Mei, Mmarekani Conrad Anker aliona kitu cheupe kuliko theluji, nacho kilikuwa mgongo wa binadamu. Ukosi wa shati ulikuwa na jina la Mallory. Kamba iliyokatika ilikuwa imemzunguka kiunoni, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Mifukoni mlikuwamo kisu, chombo cha kupimia kimo kilichovunjika, barua zilizofungwa katika kitambaa, na miwani ya theluji. Kwa kuwa miwani haikuwa usoni wengine husema alianguka jua likiwa limekwisha kuchwa, akirudi. Walimfunika kwa mawe, wakasoma sala.

Vitu viwili havikuonekana. Kimoja ni picha ya Ruth, mkewe, ambayo jamaa zake walisema alikusudia kuiacha kileleni. Labda aliiacha, labda, kwa tabia yake, aliisahau hemani. Cha pili ni kamera ndogo ya kukunja aliyoazimwa na mwenzake Somervell. Mwezi wa Septemba, 2024, mguu wa Irvine, ukiwa ndani ya kiatu na soksi iliyoshonwa jina lake, ulionekana katika mto wa barafu chini ya mlima. Kamera haikuwapo. Wenye ujuzi wa picha husema kwamba kama filamu yake imekaa katika baridi kavu miaka yote hii, huenda bado yaweza kusafishwa.