Tsietsi Mashinini: Barobaro Aliyekataa Kusomeshwa kwa Amri

Kila ifikapo tarehe 16 Juni, watoto wetu huvishwa sare safi, hupangwa mistari uwanjani, na wakubwa husimama mmoja baada ya mmoja kuhutubu juu ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Nimehudhuria sherehe nyingi za namna hiyo kwa sababu ya kazi yangu ya uandishi, na ni nadra sana kulisikia jina la Tsietsi Mashinini likitajwa. Basi leo, ndugu wasomaji, nimeona niwape habari zake, maana siku hiyo asili yake ni yeye na wenzake.

Tsietsi alizaliwa tarehe 27 Januari 1957 katika mtaa wa Jabavu, Soweto, pembeni mwa mji wa Johannesburg. Wazazi wake, Joseph na Nomkhitha, walijaaliwa watoto 13, naye alikuwa wa pili. Ilikuwa nyumba ya Wakristo wa madhehebu ya Methodist, nyumba ya adabu na ya kazi ngumu. Alipoingia shule ya sekondari ya Morris Isaacson alijulikana kwa mambo mawili: kupenda vitabu na ufasaha wa kusema, hata akawa kiongozi wa mijadala ya shule. Mmoja wa walimu waliosomesha historia hapo alikuwa kijana Onkgopotse Tiro, aliyefukuzwa chuo kikuu mwaka 1972 kwa kuishutumu elimu ya ubaguzi mbele ya wakubwa wenyewe. Tiro alikimbilia Botswana, na mwaka 1974 akauawa huko kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Wanafunzi wa Morris Isaacson hawakumsahau.

Ili tufahamu kisa hiki, ni lazima tujue elimu aliyopewa Mwafrika katika nchi ile. Sheria ya mwaka 1953 iliziweka shule za Waafrika chini ya serikali ya ubaguzi, na shabaha yake haikufichwa: mtoto mweusi asome kiasi cha kumtumikia mzungu, asipite hapo. Katikati ya miaka ya sabini serikali ilitumia randi 644 kwa mwaka kwa mwanafunzi mzungu mmoja, na randi 42 kwa mwanafunzi Mwafrika. Kisha mwaka 1974 ikatoka amri mpya. Hesabu na maarifa ya jamii zisomeshwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Kikaburu, na sayansi isomeshwe kwa Kiingereza. Walimu wengi wenyewe hawakuijua lugha hiyo sawasawa. Mtoto aliyekuwa akifahamu hesabu jana, leo alikaa darasani kama bubu.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna la kujifunza. Kikaburu chenyewe hakina kosa. Huko Cape Town Waislamu walikisema nyumbani na kukisomesha madrasani, wakikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama babu zetu walivyouandika Uswahili wao. Mwanachuoni Abu Bakr Effendi, aliyetumwa huko na dola ya Uturuki katika miaka ya 1860, alitunga kwa lugha hiyo kitabu cha fikihi, Bayan al-Din, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Mimi niliyeanza kusoma chuoni, nikaijua alifu kabla ya kuijua a, najua kwamba lugha ya mbali yaweza kupendwa ikiwa mtu anaiendea kwa moyo wake. Kilichowachoma vijana wa Soweto ni ile amri. Lugha iliwajia kutoka kwa mwenye bunduki, wala hawakuulizwa.

Wazee walijaribu kusema kwanza. Baadhi ya wajumbe wa bodi ya shule za Meadowlands waliopinga amri hiyo walifutwa. Wazee waliponyamazishwa, watoto wakaanza. Tarehe 17 Mei 1976 wanafunzi wa shule ya Orlando West waligoma, na shule nyingine zikafuata. Tarehe 13 Juni wajumbe wa wanafunzi walikutana, wakaunda kamati na kumchagua Tsietsi kuwa mwenyekiti. Alikuwa na miaka 19. Waliafikiana kuandamana kwa amani, na siri hiyo wakaificha hata kwa wazazi wao.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 16 Juni maelfu walitoka mashuleni wakiimba, mikononi wameshika mabango ya karatasi na maboksi. Polisi waliwakabili karibu na shule ya Orlando West, wakatupa gesi ya kutoza machozi, kisha wakapiga risasi. Miongoni mwa waliouawa mapema walikuwa Hastings Ndlovu, mwenye miaka 15, na Hector Pieterson, mwenye miaka 12. Moto ukaenea nchi nzima. Hata tume ya serikali yenyewe ilihesabu watu 575 waliokufa mpaka mwisho wa Februari 1977.

Tarehe 6 Julai 1976, siku 20 tu baada ya risasi za kwanza, serikali ililegeza kamba: kila shule ijichagulie lugha ya kusomeshea. Neno ambalo lingeweza kumalizwa kwa kikao kimoja lilimalizwa kwa makaburi.

Tsietsi hakupata nafasi ya kuyafurahia hayo. Polisi walitangaza zawadi ya randi 500 kwa atakayemtoa. Alilala leo nyumba hii, kesho ile, hata Agosti akavuka mpaka kuingia Botswana. Alifika London, akahutubu katika nchi mbalimbali, lakini alikataa kujiunga na vyama vikubwa vya ukombozi, naye akasema wazi kuwa si wao waliowaongoza wanafunzi wa Soweto. Kauli hiyo ilimtenga. Mama yake alifungwa bila mashtaka kwa zaidi ya miezi sita. Tsietsi alizunguka Afrika Magharibi, akaoa Liberia na kupata mabinti wawili, na mwaka 1990 akafia Guinea katika hali ambayo mpaka leo ina maswali. Mandela alikuwa ameshatoka gerezani mwaka huo huo, na mlango wa kurudi nyumbani ulikuwa unafunguka. Yeye alirudi ndani ya jeneza, akazikwa makaburi ya Avalon, Soweto.

Matunda yake wameyachuma wengine. Sheria ya shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 imewapa wanafunzi wa darasa la 8 na kuendelea baraza lao wenyewe, pamoja na viti katika bodi ya shule. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo imemtaja mwakilishi wa baraza la wanafunzi kuwa mjumbe wa bodi. Ni jambo jema, lakini kiti si sikio. Kijana aweza kukalishwa barazani, akapewa soda, akapigwa picha, na shauri likawa limekatwa tangu jana yake.

Wazee wetu wametufunza kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi siipingi hekima hiyo. Lakini Soweto mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na miguu iliyovunjika ilikuwa ya wadogo. Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu, na nyinyi mnaokaa katika bodi za shule zetu, kuanzia Vanga mpaka Kiunga: mkutano ujao, kabla shauri halijakatwa, muulizeni yule kijana aliyeketi mwisho wa meza. Mwacheni amalize, kisha mumjibu.