Mtakatifu Yohane wa Mungu, Mtetezi wa Wenye Wazimu

Yohane alizaliwa mwaka 1495 katika mji wa Montemor-o-Novo, nchi ya Ureno. Alipokuwa mtoto wa miaka minane aliwaacha wazazi wake akaenda Hispania. Huko alichunga kondoo, akawa askari, na mwisho akauza vitabu na picha takatifu mjini Granada.

Sikukuu moja ya Mtakatifu Sebastiani alimsikia padri Yohane wa Avila akihubiri. Maneno yale yakamchoma moyo. Alizililia dhambi zake mbele ya watu, akajigaragaza matopeni, akagawa mali yake yote. Watoto wakamzomea na kumtupia mawe. Watu wakadhani amerukwa na akili, wakampeleka katika Hospitali ya Kifalme, walimofungiwa wenye wazimu.

Zamani zile watu walisadiki kwamba mapigo hurudisha akili. Basi Yohane akafungwa mikono na miguu, akapigwa mijeledi. Mapigo yake mwenyewe aliyapokea kama kitubio. Lakini alipowaona wenzake, wasioweza kujitetea, wakipigwa vilevile, hakunyamaza. Aliwaambia walinzi waziwazi kwamba wanawatendea ndugu zao ukatili, na kwamba yafaa kuwahurumia, kuwaosha na kuwalisha, maana wafalme walitoa mali kwa kazi hiyo. Kwa maneno hayo wakamzidishia mijeledi. Humo ndimo alimomwomba Mungu ampe siku moja nyumba yake mwenyewe, apate kuwatunza maskini jinsi moyo wake ulivyotaka.

Mungu alimsikia. Alipofunguliwa, alikwenda kuhiji Guadalupe, kisha akarudi Granada. Aliuza kuni, akapanga nyumba, akawachukua wagonjwa wa barabarani, wengine akiwabeba begani. Usiku alizunguka na kikapu akiwaombea chakula, akiwakumbusha watu kwamba amtendeaye maskini mema hujitendea mema mwenyewe.

Mwaka 1549 Hospitali ya Kifalme ilishika moto. Ilikuwa nyumba ile ile alimopigwa. Yohane hakuyakumbuka mapigo apate kulipa kisasi, bali aliingia ndani ya moshi, akawatoa wagonjwa. Hapo ilionekana wazi kwamba maneno yake ya zamani hayakutoka katika chuki, bali katika mapendo.

Alifariki tarehe 8 Machi 1550, akiwa amepiga magoti. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1690, na mwaka 1886 Papa Leo XIII alimweka kuwa msimamizi wa wagonjwa na wa hospitali. Sikukuu yake ni tarehe 8 Machi.

Enyi wakatekumeni, hata leo vijijini mgonjwa wa akili hufungwa kamba, hunyimwa chakula, hupigwa ati pepo amtoke. Fimbo haiponyi ugonjwa. Mgonjwa huyo apelekwe kwa wanaojua kumtunza; mjini Goma Mabruda wa Upendo walianzisha kituo cha Tulizo Letu kwa ajili ya watu kama hao. Na mtu aliyepona, akisimulia jinsi alivyoteswa, asichekwe wala asiambiwe kwamba wazimu umemrudia. Yohane alisema kweli, na waliomsikia walimwita mwenda wazimu. Leo Kanisa lote humwita mtakatifu. Amdharauye ndugu wa namna hiyo humdharau Kristu mwenyewe, ambaye anatamani kumpokea katika Ubatizo.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.