Honus Wagner: Alikataa picha yake iuzwe na sigara, leo ni mabilioni

NI kadi ndogo ya karatasi ngumu, haijazi hata kiganja cha mtu mzima. Ina picha ya jamaa mwenye kifua kipana, nywele kazigawa katikati, nyuma yake rangi ya chungwa. Chini kuna maneno mawili tu, jina lake na jina la mji wa timu yake.

Agosti 2022 kadi moja ya aina hiyo ilinunuliwa kwa Dola 7.25 milioni, zaidi ya Sh16 bilioni kwa viwango vya wakati ule. Na wala haikuwa kadi nzuri. Ilikuwa imechakaa, kwenye kipimo cha ubora cha 1 hadi 10 ilipewa 2.

Jamaa wa kwenye picha ni Honus Wagner, staa wa besiboli wa Marekani aliyefariki mwaka 1955. Kadi hiyo hakuitaka itoke na picha yake, na haikumwingizia mkwanja wowote.

Kwa mashabiki wa besiboli na watu wanaokusanya kumbukumbu za michezo, maswali kuhusu Wagner hayaishi. Alikuwa mkali kweli, au ni kadi tu imempa jina? Kwa nini kadi zake ni chache hivyo? Na ukiikuta moja kwenye sanduku la babu yako, utajuaje kama ni ya kweli? Majibu yanaanzia kwenye mgodi wa makaa ya mawe.

MTOTO WA MGODINI

Jina lake kamili ni Johannes Peter Wagner. Alizaliwa Februari 24, 1874, nje kidogo ya Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kwenye eneo ambalo leo ni mji wa Carnegie. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Honus ni kifupi cha Johannes.

Maisha hayakuwa laini. Akiwa na miaka 12 aliacha shule na kuingia mgodini na baba yake na kaka zake. Baadaye akajifunza pia kazi ya kinyozi. Muda wa mapumziko, vijana hao walicheza besiboli.

Nyumbani kwao mtu aliyeonekana ana kipaji zaidi hakuwa yeye. Alikuwa kaka yake, Albert. Timu ya Steubenville, Ohio, ilipohitaji mtu mwaka 1895, Albert ndiye aliyewaambia wamchukue na mdogo wake.

Ukimwona Wagner kwa mara ya kwanza usingemdhania ni mwanamichezo. Miguu yake ilikuwa matege hasa, mikono mirefu, viganja vikubwa kama majembe. Mwili ulikuwa mzito, karibu kilo 90. Lakini akianza kukimbia, habari ilibadilika. Wakampa jina la utani la Mdachi Anayepaa.

Mwaka 1897 alifika ligi kuu akiwa na Louisville Colonels. Miaka mitatu baadaye ligi ilipunguza timu kutoka 12 hadi nane, na Louisville ikawa kati ya zilizokatwa. Bosi wake, Barney Dreyfuss, alikuwa amenunua hisa Pittsburgh Pirates, akahama na mastaa wake. Wagner akajikuta amerudi nyumbani.

MKALI KWELI AU KADI TU?

Swali la kwanza lina jibu fupi: alikuwa mkali kweli.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa rungu kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Ubora wa mpigaji unapimwa kwa wastani: katika majaribio 1,000, ni mara ngapi amepiga na kufika kituoni salama. Anayefikisha 300 ni staa.

Msimu wake wa kwanza Pittsburgh, mwaka 1900, Wagner alipiga 381. Akawa mpigaji bora wa ligi yake. Tuzo hiyo aliichukua mara nane kati ya 1900 na 1911, na kwenye National League hakuna aliyewahi kuipita rekodi hiyo. Tony Gwynn aliifikia miaka ya 1990, basi.

Aliiba vituo zaidi ya 700. Kuiba kituo ni kuchomoka mbio kwenda kituo kinachofuata wakati mrushaji anarusha, kabla wapinzani hawajakuwahi. Kwa mtu wa matege na kilo 90, ilikuwa ni balaa.

Kwenye ulinzi alicheza karibu kila namba kabla ya kutulia kama shotistopu, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kwa sisi wa soka, mfikirie kiungo mkabaji: mipira mingi inapita kwake, na akikosea yeye timu nzima inaumia. Inasimuliwa kwamba akiuzoa mpira chini, alizoa na mchanga na vijiwe, akavirusha vyote kwa pamoja kwenda kituo cha kwanza.

AIBU YA 1903, KISASI CHA 1909

Mwaka 1903 mabingwa wa ligi mbili za Marekani walikutana kwa mara ya kwanza kwenye fainali inayoitwa World Series hadi leo. Pittsburgh walicheza na Boston. Timu iliyotangulia kushinda mechi tano ilikuwa bingwa.

Wagner aliboronga. Wastani wake ulishuka hadi 222, na akafanya makosa sita ya ulinzi. Boston wakabeba ubingwa kwa mechi tano dhidi ya tatu.

Iliyofuata inaonyesha alikuwa mtu wa aina gani. Mwaka 1904 aliombwa picha yake iwekwe kwenye ukumbi wa kuwaenzi wapigaji bora. Akakataa. Aliona mtu aliyecheza vile kwenye fainali hastahili kutundikwa ukutani.

Alisubiri miaka sita. Mwaka 1909 Pirates walishinda mechi 110 za msimu, wakahamia uwanja mpya wa Forbes Field, kisha wakakutana na Detroit Tigers kwenye fainali. Detroit walikuwa na Ty Cobb, kijana wa miaka 22 aliyekuwa moto wa kuotea mbali.

Mechi zilifika saba, Pittsburgh wakawa mabingwa. Wagner, miaka 35, alipiga 333 na kuiba vituo sita. Cobb alipiga 231, akaiba viwili. Ipo hadithi kwamba Cobb alimtukana Wagner akiwa kituoni, na Wagner akamjibu kwa kumgonga na mpira mdomoni. Wanahistoria wengi wa mchezo huo wanaitilia shaka, hivyo ichukulie kama stori ya kijiweni.

KADI YA SIGARA

Mwaka huohuo wa 1909, American Tobacco Company, kampuni iliyotawala biashara ya tumbaku Marekani, ilianza kuweka kadi za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Kadi iliifanya pakiti isikunjike, na pia ilimvuta mteja arudi kununua nyingine. Zilitolewa hadi 1911, zaidi ya aina 500. Wakusanyaji wanaziita T206. Jina hilo lilitoka baadaye kwenye orodha ya Jefferson Burdick, mtu aliyezipanga kadi za Marekani kwa makundi. T ni ya tumbaku.

Kampuni ilihitaji ruhusa ya wachezaji. Kwa Wagner ilimtumia mwandishi wa habari za michezo wa Pittsburgh, John Gruber, ikamwahidi dola 10 akifanikisha. Gazeti la Sporting News liliandika mwaka 1912 kwamba Wagner alikataa picha yake isitiwe kwenye sigara. Ila hakutaka rafiki yake apate hasara, akamwandikia hundi ya dola 10 kutoka mfukoni kwake.

Uchapishaji ukasimamishwa, lakini kadi chache zilikuwa tayari zimeingia mtaani. Wakati kadi za Cobb zilichapwa kwa wingi, za Wagner zinazojulikana leo ni kama 60 hivi.

KWA NINI ALIKATAA?

Hapa mashabiki wamebishana kwa miaka mia. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara ili wapate picha yake. Wengine wanasema alitaka alipwe, hakulipwa, akazuia.

Wanaoamini sababu ya pesa wana hoja: Wagner mwenyewe alitafuna tumbaku na kuvuta sigara kubwa, na zamani picha yake iliwahi kutumika kutangaza sigara hizo. Lakini hoja hiyo haielezi zile dola 10. Mtu anayetafuta pesa hatoi hundi yake.

Tena usimwone kama mzee wa mgodini asiyejua thamani ya jina lake. Mwaka 1905 alisaini dili na kampuni ya Hillerich ya Louisville, jina lake likachapwa kwenye marungu ya Louisville Slugger. Ndiye mchezaji wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1908 alitangaza anaacha mpira, Dreyfuss akamrudisha kwa dola 10,000 kwa mwaka, pesa ndefu kwa enzi zile. Akazilipa uwanjani kwa kuongoza ligi kwa kupiga na kwa kuiba vituo msimu huohuo.

Kwa hiyo jina lake aliliuza, ila kwa kitu alichokichagua mwenyewe. Leo wanasoka wana mawakili wa haki za picha na mikataba ya kurasa kibao. Wagner alikuwa na neno moja tu la hapana, na kampuni kubwa ya tumbaku ikalisikia.

YA KWELI UTAIJUAJE?

Miaka ya 1930 orodha ya Burdick iliithamini kadi ya Wagner kwa dola 50, nayo tayari ilikuwa ghali kuliko zote. Mwaka 1991 moja ilinunuliwa mnadani Sotheby's na staa wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake, Bruce McNall, kwa Dola 451,000. Ilipanda hadi Dola 2.8 milioni mwaka 2007.

Kadi hiyo ya Gretzky ilipewa alama 8 kati ya 10, juu kuliko Wagner nyingine zote. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyeimiliki miaka ya 1980, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane mpya. Ndiyo maana wajuzi hupima ukubwa kwanza. Kadi iliyopungua kidogo na kingo zake zimenyooka mno inatia shaka.

Ukikuta moja, jua kwamba nakala za Wagner zimechapwa kwa maelfu. Usiisafishe wala kuinyoosha, wapelekee wataalamu wa kuthibitisha. Na usishtuke ukiona Pittsburg bila h mwishoni. Si kosa la mchapaji, mji uliandikwa hivyo rasmi hadi 1911.

UZEENI

Alitundika viatu mwaka 1917 akiwa na miaka 43, kibindoni ana mapigo zaidi ya 3,400. Akajaribu biashara ya duka la vifaa vya michezo, miaka ya mdororo wa uchumi ikambana. Mwaka 1933 Pirates wakamwita awe kocha msaidizi, akabaki nao karibu miaka 20, akiwafundisha vijana na kuwapigia stori.

Mwaka 1936 walipochaguliwa watu watano wa kwanza wa Ukumbi wa Heshima wa besiboli, Wagner alikuwemo. Alipata kura 215 kati ya 226, sawa na Babe Ruth. Ukuta alioukataa mwaka 1904 safari hii aliukubali.

Alifariki Desemba 6, 1955, mjini Carnegie, akiwa na miaka 81. Miezi michache kabla, watu wa Pittsburgh walimzindulia sanamu karibu na Forbes Field. Timu imehama viwanja na sanamu imehama nayo, sasa iko nje ya PNC Park. Shabiki akipita anasimama naye na kupiga picha, bila kutoa hata senti.