Hans Wilsdorf: Yatima aliyeipa heshima saa ya mkononi

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA Kampala, Uganda, ukamwambia kijana mwenye kikaango pembeni mwa barabara kwamba unataka rolex, hatakuletea saa. Atavunja mayai, atayakaanga pamoja na vitunguu na nyanya, kisha atayaviringisha ndani ya chapati na kukukabidhi ukiwa umesimama.

Jina la chakula hicho limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Hata hivyo, hakuna anayelisikia bila kuikumbuka saa ya Uswisi ambayo bei yake ingetosha kununua chapati za mtaa mzima kwa miaka kadhaa.

Pengine mwenye jina hilo angefurahi. Mwaka 1908 alikuwa akitafuta neno fupi, lisilo na maana katika lugha yoyote, ambalo mtu wa taifa lolote angeweza kulitamka na kulikumbuka. Mtu huyo ni Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa kampuni ya Rolex.

Wapenzi wa saa wanapokutana hubishana kuhusu mambo yaleyale: ipi inatunza majira zaidi, ipi haiingizi maji, ipi ni ya thamani ya kweli na ipi ni ya majivuno tu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba vigezo hivyo vilipewa uzito na Mjerumani huyu ambaye hakuwa fundi saa, wala hakuwahi kudai kuwa fundi.

Yatima wa Kulmbach

Wilsdorf alizaliwa Machi 22, 1881, katika mji wa Kulmbach, Bavaria, Ujerumani, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Familia yake iliendesha biashara ya vifaa vya chuma iliyokuwa ikienda vizuri.

Mama yake alifariki dunia, na baba yake akafuata muda mfupi baadaye. Hans alikuwa na umri wa miaka 12 tu. Ndugu wa wazazi waliochukua dhamana ya watoto waliamua kuiuza biashara ile, wakatenga fedha kwa ajili ya malezi na masomo, na Hans akapelekwa shule ya bweni huko Coburg.

Huko alijitokeza kuwa hodari katika hisabati na lugha. Ndizo silaha mbili alizotoka nazo shuleni, na ndizo zilizomlisha maisha yake yote.

Alikwenda Geneva, Uswisi, akafanya kazi kwa mfanyabiashara wa lulu. Mwaka 1900 alihamia La Chaux-de-Fonds, mji ambao uchumi wake wote ulitegemea saa, akaajiriwa na kampuni ya Cuno Korten iliyokuwa ikiuza saa nchi za nje.

Kazi yake rasmi ilikuwa kuandika barua za Kiingereza. Lakini kila siku alitakiwa pia kutia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kukagua kama zinakwenda sawasawa. Katika kazi hiyo ya kuchosha alijifunza jambo ambalo wauzaji wengi hawakulijua: kwamba saa mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa kwa tabia, na kwamba uso mzuri hausemi lolote kuhusu mashine iliyo nyuma yake.

Saa iliyodharauliwa

Mwaka 1903 alihamia London. Miaka miwili baadaye, mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 24, alishirikiana na Alfred Davis kuanzisha kampuni ya Wilsdorf & Davis iliyokuwa ikiagiza mashine za saa kutoka Uswisi, kuzitia katika makasha na kuziuza kwa wenye maduka ya vito.

Wakati huo mwanamume wa heshima alibeba saa yake mfukoni, ikiwa imefungwa kwa mnyororo. Saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mafundi nao waliidharau kwa sababu za kiufundi: mashine yake ilikuwa ndogo mno kuweza kuwa sahihi, vumbi na unyevu viliiingia kwa urahisi, na mtikisiko wa mkono ungeivuruga.

Wilsdorf aliona vingine. Alimwendea Hermann Aegler, mtengenezaji wa mashine ndogo katika mji wa Bienne, Uswisi, akampa oda kubwa. Kwa kijana mwenye kampuni changa hiyo ilikuwa kamari ya hatari. Uhusiano huo wa kibiashara uliendelea kwa vizazi, na hatimaye mwaka 2004 Rolex iliinunua kampuni ya Bienne moja kwa moja.

Mwaka 1908 alisajili jina la Rolex. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alikuwa amejaribu mamia ya michanganyiko ya herufi bila mafanikio, hadi asubuhi moja, akiwa juu ya basi la kukokotwa na farasi katika mtaa wa Cheapside, London, neno hilo lilipomjia kama lililonong'onezwa sikioni. Ni simulizi tamu na haina shahidi. Lililo wazi ni kwamba herufi tano zinatosha vizuri kwenye uso mdogo wa saa.

Kuliandika jina hilo kwenye uso wa saa lakini kulikuwa vita nyingine. Wenye maduka wa Uingereza walizoea kuweka majina yao wenyewe, na hawakupenda kumtangaza mtengenezaji. Wilsdorf alianza kwa kuchomeka jina lake kwenye sehemu ndogo tu ya saa alizowapelekea, akaongeza kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, mpaka hakuna saa iliyotoka bila jina hilo.

Mtihani wa siku 45

Tofauti yake na washindani wengi ilikuwa moja: hakutaka mteja aamini maneno ya muuzaji. Alitaka mtu wa tatu, asiye na faida katika biashara hiyo, ndiye aseme kama saa ni nzuri.

Mwaka 1910 kituo rasmi cha kupima saa cha Bienne kiliipa saa yake ya mkononi cheti cha kronomita, yaani saa iliyothibitishwa kutunza majira kwa usahihi wa hali ya juu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saa ya mkononi kupata cheti hicho.

Julai 15, 1914, kituo cha Kew cha Uingereza kilitoa cheti cha daraja la A kwa saa nyingine ndogo ya Rolex. Upimaji ulidumu siku 45. Saa iliwekwa katika mikao mitano tofauti na katika viwango vitatu vya joto, ikiwamo baridi ya barafu. Daraja hilo lilikuwa likitolewa zaidi kwa saa kubwa za mabaharia, ambazo kosa lake dogo lingeweza kuipeleka meli mwambani.

Majuma machache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ililipuka. Katika mahandaki, askari mwenye bunduki hakuwa na nafasi ya kuchomoa saa mfukoni. Wanaume walioicheka saa ya mkononi walirudi nyumbani wakiwa wameivaa.

Vita hiyo hiyo ilimletea Wilsdorf matatizo. Ingawa alikuwa amemwoa Mwingereza, Florence Crotty, mwaka 1911, jina lake lilibaki la Kijerumani katika nchi iliyokuwa ikipigana na Wajerumani. Mwaka 1915 kampuni iliacha jina la Wilsdorf & Davis na kuitwa Rolex. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza iliweka ushuru wa theluthi moja ya thamani kwa saa kutoka nje. Ilipofika mwaka 1920 makao makuu yalikuwa yamehamia Geneva, na yako huko hadi leo.

Chaza na mwogeleaji

Adui aliyebaki alikuwa maji. Wilsdorf alinunua haki za ubunifu wa mafundi wawili wa Uswisi, Perregaux na Perret, waliobuni njia ya kukaza kwa skrubu kile kidude cha pembeni cha kutilia ufunguo. Mwaka 1926 alitoa saa ambayo kioo, mfuniko wa nyuma na kidude hicho vyote vilikazwa barabara. Aliiita Oyster, yaani chaza, kwa kuwa ilifunga kama chaza anavyofunga gamba lake.

Oktoba 7, 1927, Mercedes Gleitze, karani wa London, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Siku chache baadaye mwanamke mwingine alidai kufanya hivyo kwa muda mfupi zaidi, kisha akakiri kwamba alidanganya. Kashfa hiyo ilimfanya Gleitze naye atiliwe shaka, akaamua kurudi majini Oktoba 21.

Wilsdorf aliiona nafasi na kumpa Oyster. Wengi husimulia kwamba Gleitze alivuka akiwa ameivaa mkononi. Si hivyo. Aliivaa shingoni, na safari hiyo hakufika ng'ambo: baada ya zaidi ya saa 10 katika maji ya baridi kali alitolewa akiwa hoi. Lakini saa ilikuwa ikiendelea kwenda, na mashahidi hawakuwa na shaka tena juu ya uwezo wake.

Novemba 24, 1927, Wilsdorf alitangaza habari hiyo katika ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail. Wauza vito nao wakawekewa madirishani vyombo vya maji vyenye samaki, na ndani yake saa zikiendelea kufanya kazi mbele ya wapita njia.

Ilibaki kasoro moja. Mwenye saa alilazimika kufungua kidude kila siku ili kuitia ufunguo, na akisahau kukikaza, maji yaliingia. Dawa yake ilipatikana mwaka 1931, pale Rolex ilipotoa mashine yenye kipande kizito cha chuma kinachozunguka kadiri mkono unavyotikisika, hivyo saa kujitia ufunguo yenyewe.

Ukweli unadai isemwe kwamba Wilsdorf hakuwa wa kwanza katika yote haya. Saa za mkononi zilikuwapo kabla yake, makasha ya kuzuia maji yalikwisha kujaribiwa, na Mwingereza John Harwood alitangulia na saa ya kujitia ufunguo katika miaka ya 1920. Kipaji cha Wilsdorf kilikuwa kuyakusanya mawazo, kuyakamilisha, kuyapima na kuyatangaza.

Wapo pia wanaosema kipaji kikubwa zaidi kilikuwa hicho cha mwisho. Hadi leo mashabiki hubishana kuhusu Everest ya mwaka 1953, kwani msafara ule ulikuwa na saa za Rolex na za kampuni ya Kiingereza ya Smiths, na kila upande huvutia kwake. Wengine husema kwa umaridadi wa mashine Patek Philippe iko mbele, na kwamba Omega ndiyo iliyotembea mwezini mwaka 1969.

Kwa wenye mifuko ya wastani

Wilsdorf mwenyewe alilijua tatizo la bei. Mwaka 1926 jina la Tudor lilisajiliwa kwa ajili yake, na mwaka 1946 akaliundia kampuni kamili. Saa hizo zilipewa makasha na vidude vya Rolex, lakini ndani zikatiwa mashine za watengenezaji wengine, hivyo zikauzwa kwa bei nafuu. Kwa miaka mingi mjuzi wa saa aliyetaka thamani ya fedha yake, bila kununua jina, alielekezwa huko.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wengi wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani walinyang'anywa saa zao. Wilsdorf aliwaruhusu wafungwa kuagiza saa kutoka kambini na kulipa baada ya vita. Ilikuwa imani kubwa kwa watu ambao hawakujua kama wangeiona kesho, na ilikuwa pia ishara kwamba yeye aliamini vita itakwisha na wao watarudi nyumbani.

Mwaka 1944 mkewe Florence alifariki dunia. Hawakuwa na watoto. Mwaka 1945 Wilsdorf alianzisha wakfu wenye jina lake, ambao ungeimiliki kampuni na kutumia sehemu ya mapato kwa misaada ya jamii, sanaa na elimu, ikiwamo ya mafundi saa.

Alifariki dunia Geneva Julai 6, 1960, akiwa na umri wa miaka 79. Rolex ikabaki mikononi mwa wakfu huo hadi leo. Haina hisa sokoni, na hakuna mrithi anayeweza kuigawa.

Hatua hiyo iliiokoa kampuni kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi ya kwots, sahihi kuliko mashine yoyote ya springi, na katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vilifungwa au kuuzwa. Rolex haikuwa na wenyehisa wa kuilazimisha itafute faida ya haraka, ikavumilia dhoruba.

Leo saa ya bei chee kutoka Kariakoo inaweza kutunza majira vizuri kuliko ile ya mamilioni ya shilingi, na saa bandia zenye jina la Rolex zimejaa mitaani. Anayeuliza ipi ni bora hana budi kwanza ajue anatafuta nini: majira, uimara au heshima ya jina.

Huko Geneva, juu ya mto Arve, lipo daraja lililofunguliwa mwaka 2012 kwa fedha za wakfu, nalo linaitwa kwa jina la Hans Wilsdorf. Mtoto aliyeuziwa biashara ya wazazi wake akiwa na miaka 12 aliacha nyuma yake kampuni ambayo hakuna ndugu awezaye kuiuza.