Askofu Kataliko: aliyesogeza chuo kikuu karibu na nyumba

Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu Katolika cha Graben (UCG), hapa Butembo, hawakumuona Askofu Emmanuel Kataliko. Alifariki kabla wazaliwe ao walipokuwa bado watoto. Lakini kama leo wanaweza kusoma karibu na kwao, yeye ni kati ya wale wa kushukuriwa kwanza.

Kataliko, mtoto wa Wanande, alizaliwa mwaka wa 1932. Alisoma seminari, akatumwa Roma, akapewa upadri mwaka wa 1958. Pamoja na teolojia, alijifunza pia mambo ya maisha ya jamii. Mwaka wa 1966, hata miaka 35 hajafikisha, alifanywa askofu wa jimbo letu. Vita vya Mulele vilikuwa vimepita hapa miaka miwili tu mbele.

Wakati ule, masomo ya juu yalikuwa safari. Mwaka wa 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na masomo ya saikolojia yakawekwa Kisangani. Kijana wa Beni ao Lubero aliyepata diplomu ya serikali na kutaka masomo hayo, ilibidi avuke pori lote. Mzazi aliuza kahawa ao mbuzi ili kulipa njia, nyumba na chakula. Aliyekosa, mtoto wake alibaki. Kwa binti ilikuwa ngumu zaidi.

Kataliko hakungoja Kinshasa. Mwaka wa 1989 alianzisha chuo kikuu Butembo, na wafanyabiashara wa mji wakasaidia. Jina Graben ni la bonde kubwa letu, lile la mto Semliki na ziwa Edouard. Leo hapo wanasoma udaktari, sheria, uchumi, kilimo na mengine.

Mwaka wa 1997 alitumwa Bukavu, kuchukua nafasi ya Askofu mkuu Munzihirwa, aliyeuawa Oktoba 1996. Kwa Noeli ya 1999 aliandika barua kwa waamini, akilaumu wageni na Wakongomani waliokuwa wanajitajirisha kwa mateso ya raia. Februari 2000, waasi wa RCD walimfukuza Bukavu, akarudishwa Butembo. Alikaa hapa miezi saba, katikati ya watu aliowaongoza miaka 31. Septemba akarudia Bukavu. Wiki tatu tu kiisha, tarehe 4 Oktoba 2000, moyo ulimsimama huko Italia.

Kazi yake inatugusa leo kuliko jana. Tangu Oktoba 2014, Beni inazika watu waliouawa kwa mapanga na risasi. Kati ya 2018 na 2020 Ebola ikaongeza vilio. Kuna mama asiyelala usiku, kuna mtoto aliyeacha kusema. Hao wanahitaji mtu aliyejifunza kusikiliza, anayejua Kinande na Kiswahili chao, na ambaye hataondoka mradi ukiisha.

Wazazi fulani wanauliza kama kusoma saikolojia kunaleta mkate. Swali ni la haki, kwani minerval ni nzito na kazi ni chache. Lakini maisha ya Kataliko yanatuwekea swali lingine: tusipofundisha watoto wetu kutibu mioyo yetu, tunangoja nani?